Familia ya Bibi Mwanaidi: gari la Salma linalia

*Alhamisi*

Salma, 06:41: Shikamooni wakubwa. IST imeanza tena. Nikiwasha tu asubuhi, kwiiiii! Na Jumamosi ndiyo nampeleka mama Morogoro harusini.

Salma, 06:42: 🎤 0:11

Kaka Idi, 06:50: Mkanda wa injini huo. Fundi aukaze.

Salma, 06:52: Aliuweka mpya mwezi uliopita kaka. Wiki mbili tu ukaanza. Akaukaza, ukanyamaza siku tatu.

Mjomba Hamisi, 07:05: Marahaba mwanangu. Usikazwe tena! Ukizidishwa unaua beringi za altaneta inayochaji betri na za wota pampu inayozungusha maji ya kupoza injini. Nimesikiliza mara tatu. Humo mna kelele mbili: ile nyembamba ni mkanda unateleza, na chini yake kuna kitu kinakoroma. Ukiwasha AC je?

Salma, 07:07: Ile nyembamba inazidi.

Kaka Idi, 07:09: Mimi hupaka sabuni ya mche, kimya.

Mjomba Hamisi, 07:15: Idi, usimfundishe hivyo. Sabuni inaficha ugonjwa. Heri maji safi kidogo upande wenye mistari, injini ikiwa inawaka, mikono na mtandio mbali. Kelele ikizidi, mkanda umelegea. Ikipotea kisha ikarudi, puli, yale magurudumu yanayopitiwa na mkanda, hazijakaa mstari mmoja. Ila mkanda mpya kuteleza mapema hivi, mimi nashuku umelowa kitu. Salma, injini ikipoa fungua boneti, angalia puli ya pampu, upande wa dereva.

Salma, 13:20: 📷 Chini ya puli kuna ukoko wa pinki, kama dawa ya mtoto iliyokauka. Na chupa ya kulanti, yale maji ya kupoza injini, imeshuka chini ya mstari, wakati niliijaza juzi.

Mjomba Hamisi, 13:24: Hapo hapo. Pampu ina kitundu kidogo chini ya shafti. Sili inayozuia maji ikichoka, kulanti inatokea pale, inarukia mkanda. Shika puli, itikise.

Salma, 13:31: Inacheza mjomba! Kama jino la mtoto.

Mjomba Hamisi, 13:33: Basi gari lisitoke mjini. Beringi ikikatika njiani pampu inasimama, maji hayazunguki, injini inachemsha, silenda hedi, sehemu ya juu ya injini, inapinda. Hiyo gharama siitaki kwako.

Mama Salma, 13:40: Nimeshakata tiketi za treni ya SGR. Gari lipumzike.

Mjomba Hamisi, 13:46: Vizuri dada. Salma, fundi aweke pampu na gasketi mpya, na mkanda mwingine pia, huo umeshakunywa kulanti. Asijaze maji ya bomba. Atoe hewa yote kabla ya kufunga rejeta.

*Ijumaa*

Salma, 17:38: Pampu ya zamani ninayo mkononi. Nikiizungusha inakwaruza kama ina mchanga ndani. Fundi alivua mkanda kwanza, akawasha sekunde chache, kimya kabisa. Nikamwona anatikisa kichwa.

Mjomba Hamisi, 17:45: Amepima vizuri. Bila mkanda pampu haizunguki, ndiyo maana sekunde chache tu. Kesho kabla ya kwenda stesheni, liwashe likiwa la baridi, taa na AC zote, unirushie sauti.

*Jumamosi*

Salma, 05:32: 🎤 0:14

Mjomba Hamisi, 05:36: Nasikia injini na jogoo wa jirani. Kilio hakipo. Mkirudi uangalie tena ile chupa. Safari njema.