Tupeane uzoefu: waliowahi kuandamana kutetea samoni wa asili

Mkerewe
Wakuu, salaam. Wengi humu tuko ughaibuni, na wengine mmefika nchi zenye mito ya samoni. Aliyewahi kuhudhuria maandamano ya kupinga vizimba vya nyavu vya kufugia samaki baharini, atusimulie. Naanza mimi.

Mei 8, 2010 nilikuwa mwanafunzi Victoria, Kanada. Mwanabiolojia Alexandra Morton na wenzake walikuwa wametembea kwa miguu takriban wiki mbili kutoka kaskazini mwa kisiwa cha Vancouver, na kila mji watu wakiongezeka. Niliungana nao siku ya mwisho, tukaingia viwanja vya Bunge la jimbo la British Columbia tukiwa maelfu. Wenyeji asilia walipiga ngoma zao, wavuvi walikuja na makoti yao ya mvua, watoto walibeba samaki wa maboksi waliopaka rangi wenyewe.

Nilikwenda kwa kualikwa na mwenzangu wa darasani. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mvuvi niliyesimama naye. Aliniambia samoni wakubwa wamekuwa na chawa wa baharini, vidudu vinavyoganda ngozini, tangu enzi. Ila wakipanda mtoni kuzaa, maji baridi yasiyo na chumvi huwapukutisha chawa hao. Watoto wao wakishuka baharini majira ya kuchipua, wakubwa hawako karibu, kwa hiyo chawa ni wachache. Vizimba vikavunja mpango huo. Ndani mna samoni wa Atlantiki, wageni kabisa kwenye pwani ile, malaki yao, na kipindi chote cha baridi chawa wana pa kukaa. Kitoto cha samoni kinapita hapo hakijafika hata gramu moja, ngozi haijaota magamba. Chawa wachache tu wanakiua. Mzee alinionyesha ukubwa wake kwa pingili ya kidole kidogo, na mkono ulikuwa unamtetemeka.

Watu walikuwa na uchungu wa mwaka uliotangulia. Mwaka 2009 mto Fraser wa jimbo hilo ulitarajiwa kupokea samoni wekundu zaidi ya milioni 10, wakarudi kama milioni moja na nusu. Tume ya Jaji Bruce Cohen, iliyochunguza anguko hilo, ilitoa ripoti mwaka 2012. Haikupata sababu moja ya anguko lile, lakini ilitaka vizimba vya Discovery Islands, visiwa vya pwani hiyo, viondolewe ifikapo Septemba 2020, isipokuwa ithibitike kwamba hatari yake ni ndogo mno.

Mimi ni wa Ukerewe, Ziwa Victoria. Babu alikuwa akitaja aina za furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, nisizowahi kuziona, kwa sababu sangara aliletwa ziwani na watu akawamaliza. Ndiyo maana pale nililia.

Dada wa Likoni
Mkuu, pole na asante. Mimi naishi Campbell River, mji wa kisiwa hichohicho cha Vancouver, na nilifanya kazi miaka minne kwenye kiwanda cha kukata samoni wa vizimba. Waandamanaji nimewaona nikienda zamu. Sikuwachukia, ila iliniuma kwamba hakuna aliyetuuliza sisi tutakula wapi. Na wenyeji asilia hawana msimamo mmoja. Kitasoo Xai'xais wa Klemtu wamekubaliana na wafugaji na wanategemea ajira zile. Upande wa pili, mwaka 2017 watu wa 'Namgis na jirani zao walikwenda kukaa kwenye vizimba vyenyewe kwa miezi kadhaa, wakisema maji ni yao na hawakuombwa ruhusa. Hao niliwaelewa haraka. Mgeni akitupa nyavu mbele ya nyumba yenu bila hodi, mtakaa kimya?

Mzee wa Reykjavik
Mimi nilihudhuria Oktoba 7, 2023, uwanja wa Austurvöllur, mbele ya Bunge la Iceland. Agosti mwaka ule kizimba kilitoboka huko Patreksfjörður, wakatoroka samoni kama 3,500. Baadaye wakaanza kuonekana mitoni, hadi wakaletwa wapiga mbizi wa Norwei kuwachoma kwa mikuki.

Huku hofu kuu ni damu. Wa kufugwa ana asili ya Norwei, lakini ni aina ileile ya samoni wa hapa, kwa hiyo wanazaliana. Chotara hana nguvu ya kuhimili mto kama mzawa. Mkulima mmoja alinishika bega akaniambia ukoo wake umeuishi mto ule vizazi vingi, na sasa hajui samaki anayepanda ni wa nani. Sikupata la kumjibu. Nilishika upande wa pili wa bango lake hadi mwisho.

Mama Sato, Mwanza
Ndugu zangu, mimi nina vizimba viwili vya sato ziwani na ndivyo vinavyosomesha wanangu. Mnataka niviache?

Mkerewe
Hapana, dada. Sijasikia sato akipanda mto kama samoni. Ninachokuomba ni uviweke palipo na kina na mkondo, usijaze samaki kupita kiasi, na uzingatie chakula kinachozama chini bila kuliwa, maana hicho ndicho kinachooza na kula hewa ya maji.

Dada wa Likoni, neno lako limenigusa. Juni 2024 serikali ya Kanada ilitangaza kwamba vizimba vya nyavu wazi pwani ya British Columbia vikome ifikapo Juni 30, 2029. Wenzako wa kiwandani wameahidiwa nini?