Mifuko ya kuzuia statiki: pinki, nyeusi au ya fedha? Na mnaipimaje?

FundiBodi_Kirumba
Wakuu habari za usiku. Natengeneza bodi za kontrola za sola hapa Mwanza, nyingine zinapanda basi kwenda Singida na Dodoma. Muuzaji ana mifuko pinki, nyeusi na ya fedha, anasema zote zinazuia statiki (umeme tuli unaoua bodi), tofauti ni bei tu. Nimeigusa na multimeta: nyeusi inasoma, pinki inaandika OL. Pinki ni feki au?

Ngosha_wa_Mita
Siyo lazima iwe feki mkuu. Multimeta nyingi zinaishia megaomu 40 au 60 basi, na ile OL ndo imefika mwisho wake. Kwa viwango vya vifungashio, ukinzani ukiwa chini ya omu 10,000 hiyo ni plastiki ya kupitisha umeme, kuanzia hapo mpaka bilioni 100 inamwaga chaji polepole, juu ya hapo ni nailoni kama nailoni zingine tu. Pinki inaangukia huko kwenye mabilioni, kwa hiyo unahitaji mita ya volti 100 na elektrodi ya duara mbili, moja ndani ya nyingine, yenye uzito wa kilo 2 na kidogo ili ikae vizuri juu ya plastiki, sio ncha za multimeta.

Saketi_Nyamagana
Ngosha kasema kweli ila kasahau unyevu, na hapo ndo watu wa ziwani tunapigwa. Pinki ni polithini iliyochanganywa dawa inayopanda juu na kuvuta maji ya hewani, ule utando wa maji ndo unaoondoa chaji. Sasa ukiipima masika hapa Mwanza itafaulu tu, hata dawa ikiwa imebaki kidogo, halafu ukaipeleka Dodoma mwezi wa 8 hewa imekauka, kwishney. Ndo maana maabara zinaikausha sampuli masaa 48 kwenye unyevu wa asilimia 12, nyuzi 23, ndo wanapima. Na ukiifuta kwa spiriti umeifuta dawa yenyewe.

Mgodini_Geita
Nyeusi haijali hali ya hewa, ni kaboni, chembe zinagusana mpaka umeme unapata njia. Ubaya, kaboni ikiwa imewekwa kidogo tu juu ya kile kiwango cha chini cha chembe kugusana, trei moja ya plastiki hiyo inasoma vizuri katikati na kwenye kona haisomi kabisa kwa sababu plastiki imevutwa wakati wa kuimold, kwa hiyo pima sehemu nyingi. Huku migodini hosi za kupakia ANFO (baruti ya kulipulia miamba) nazo haziruhusiwi kupitisha umeme sana: kanuni za Marekani zinataka isipungue omu 1,000 kwa kila futi na hosi nzima isizidi megaomu 2, ili statiki itoke lakini umeme wa kupotea usifike kwenye detoneta, kile kiwashio cha baruti.

FundiBodi_Kirumba
Aisee. Basi nyeusi ndo yenyewe?

Saketi_Nyamagana
Bodi zako zina betri ya saa?

FundiBodi_Kirumba
Zinazo, ile ya kidonge.

Saketi_Nyamagana
Basi achana nayo, nyeusi ikigusa miguu yote miwili ya betri inakunywa chaji taratibu. Chukua ya fedha, hasa kwa za basi. Yenyewe ina aluminiamu katikati ya plastiki, ndo pekee kati ya hizo tatu inayokinga cheche ya nje isipenye kwa bodi kama inavyotakiwa. Usishangae multimeta ikiandika OL juu yake pia, aluminiamu iko ndani. Kinachoiua ni mikunjo, imulike na tochi, ukiona vitundu vya mwanga itupe. Pinki weka screw na vibati tu.

Ngosha_wa_Mita
Kupima pinki kienyeji: silika jeli (ile ya kunyonya unyevu) kwenye ndoo ya mfuniko, weka vipande vya pinki humo siku mbili pamoja na kipima unyevu cha bei rahisi, kisha vitoe upime fasta kabla havijarudi kunyonya. Haitakuwa sawa na maabara ila itakuonyesha ipi imekufa. Mita ninayo Igoma, njoo nayo mifuko yote mitatu, ila usiishike katikati na mikono ya jasho bana.

FundiBodi_Kirumba
Jumamosi nakuja.