Apu imefungia tablatura 17 nilizoandika mwenyewe, sasa inataka nilipe ndiyo nizione

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kama humu kuna anayetengeneza apu za muziki, naye asome hadi mwisho.

Miezi tisa iliyopita nilipakua apu ya kusoma na kuandika tablatura za gitaa, yaani maandishi yanayoonyesha upige uzi gani na uubane wapi. Ilikuwa ya bure, nyepesi, inafanya kazi bila intaneti. Unagusa mstari, unaweka namba ya freti (kile kigawanyo cha shingo ya gitaa unapobana uzi), halafu unaiambia ikupigie ili usikie kama umepatia. Mimi sikusoma nota shuleni, kwa hiyo kwangu hicho kilikuwa kitu kikubwa. Mistari sita, nyuzi sita, sifuri ni uzi mtupu usiobanwa, 3 ni freti ya tatu. Mtoto anaelewa siku hiyohiyo.

Sikuipakua kwa ajili ya nyimbo za Wazungu. Hapa Arua, Uganda, mtaa wa Oli, kuna mzee aliyepiga gitaa kavu, lisilo la umeme, kule Bunia, Kongo, enzi za ujana wake, mtindo ule wa kidole gumba na cha shahada, njia ya wapiga gitaa akina Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Bosco alipata bahati: mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimfuata na mashine ya kurekodi, ndiyo maana leo dunia inamsikia. Huyu mzee wetu hakufuatwa na mtu. Nyimbo zake ziko vidoleni mwake tu, na vidole vyenyewe vimeanza kukakamaa. Kukiwa na baridi asubuhi, kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili.

Basi kila Jumamosi nilikuwa naenda kwake. Anafunga penseli kwenye shingo ya gitaa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, hiyo ndiyo kapo yake, kibanio cha kupandisha sauti ya nyuzi zote, anapiga kipande. Namwambia, "Mzee, naomba urudie polepole." Anarudia, naandika, kisha naichezesha kwenye simu naye anasikiliza ameinamisha kichwa. "Hapana mwanangu, gumba limewahi." Nafuta, naandika upya. Kuna wimbo mmoja ulitula Jumamosi tatu. Kwa miezi tisa tulimaliza nyimbo 17.

Jumanne ya wiki iliyopita apu ikajisasisha yenyewe usiku. Asubuhi nafungua, kila faili lina alama ya kufuli. Ukiligusa unaona mwanzo kidogo, kilichobaki kimefunikwa ukungu, na maandishi yanakuambia ulipie kila mwezi ili uendelee kufurahia kazi zako. Kazi ZANGU! Hawakuandika hata namba moja mle ndani. Wao walinipa kalamu, nikaandika, sasa wamekuja kuchukua daftari.

Najua kuna atakayeuliza kwa nini sikurekodi sauti. Nilirekodi, ninazo. Lakini sauti haikuambii kidole kilikuwa wapi. Uzi wa pili ukiupiga mtupu, na uzi wa tatu ukiubana freti ya nne, zote mbili zinatoa noti ya B ileile. Kwenye mtindo huu, ukichagua uzi usio wake, mkono haufiki kwenye noti inayofuata na wimbo unakatika. Halafu mzee ana nyimbo ambazo anapandisha uzi wa nne kutoka D mpaka F. Sikia rekodi ya hizo bila kujua siri hiyo, utahangaika mwaka mzima. Tablatura ndiyo inayotunza hayo yote, kwa sababu inaandika mkono, haiandiki mlio peke yake.

Nilijaribu kujiokoa. Mafaili yapo kwenye simu, nimeyaona, nikayahamishia kwenye kompyuta ya rafiki yangu. Nikajaribu programu za kusomea tablatura: TuxGuitar imeyakataa. MuseScore imeyakataa. Yameandikwa kwa lugha ya apu yenyewe tu. Na kitufe cha kutoa kazi kama maandishi ya kawaida, ambacho zamani kilikuwepo na sikukitumia kwa ujinga wa kuamini, sasa nacho kiko upande wa kulipia.

Wasituambie kwamba kuhifadhi ni gharama. Angalieni, hili ni zunguko la C la mzee, herufi za kushoto ni majina ya nyuzi, namba zinahesabiwa kuanzia kwenye penseli:

e|-----0-------0---|
B|---1---1---1---1-|
G|-----------------|
D|-----2-------2---|
A|-3-------3-------|
E|-----------------|

Gumba linatembea kati ya A na D, shahada inajibu kwenye B, na gumba likifika D shahada inagusa e papo hapo, vinalia pamoja. Hizo ni herufi 120. Ujumbe wa salamu za sikukuu ni mrefu kuliko hapo. Nyimbo zote 17 zingeingia kwenye simu ya kitochi, na hiki ndicho wanachokifungia kwa ufunguo!

Bei yao ni dola 7 kwa mwezi, yaani zaidi ya shilingi 24,000 za hapa kwetu. Na hata nikizipata, wanataka kadi ya benki. Pesa ya simu hawapokei. Wapiga gitaa wangapi wa Arua, Busia au Kisenyi wana kadi ya kununulia vitu nje ya nchi? Juu ya hapo, sasa apu inadai intaneti kila unapoifungua ili ihakikishe kama umelipa. Bando tunalonunua Uganda lina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Na mwezi Januari mwaka huohuo, wakati wa uchaguzi, nchi nzima ilikatiwa intaneti kwa siku kadhaa. Likitokea tena hilo, hata aliyelipa atakaa na gitaa mapajani akitazama kufuli.

Huduma kwa wateja nimewaandikia mara nne. Majibu matatu ya kwanza yalifanana neno kwa neno. La nne limenishukuru kwa kuwa mtumiaji mwaminifu, likanipa punguzo la mwezi wa kwanza. Sikuomba punguzo. Niliomba nirudishiwe nyimbo za mzee.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Oli na daftari la mistari. Mzee alikubali kuanza upya, hakulalamika hata kidogo. Tulifanya wimbo mmoja, na kabla ya kufika katikati akauweka mkono wa kushoto chini na kuanza kuukanda. Nilishindwa kumwangalia usoni.

Kwa hiyo naomba msaada wa kweli. Kama yupo humu aliyewahi kurudisha toleo la zamani la apu kwenye Android bila kupoteza mafaili, anieleze hatua kwa hatua. Kama yupo anayejua kufungua faili la namna hii kwa kompyuta, nitamtumia moja alijaribu. Nanyi mnaoandikia kwenye apu kama hizi, leo hii, kabla hamjalala, toeni kazi zenu zote kama maandishi ya kawaida na mzihifadhi mahali pengine. Wale wa "lipa tu uachane nao", tafadhali pitieni mada nyingine.