Mrejesho: Yule mteja wa Mwanza aliyetaka kurudishiwa hela

Wakuu, wiki tatu zilizopita niliomba ushauri. Mteja wa Mwanza alinunua kwangu viatu vya ngozi vya 65,000, akasema vinambana, akataka hela yake pamoja na nauli ya kuvisafirisha kwa basi. Nilikuwa nimegoma, kwa sababu aliagiza namba 42 na nilimtumia 42.

Mlioniambia niombe picha ya soli kwanza, asanteni sana. Soli ilikuwa safi, havijatembelewa. Ndipo nikashika rula na kupima ndani pea zilizobaki za mzigo uleule: zimeandikwa 42, urefu wake ni wa 41 zangu za siku zote! Namba moja ya Ulaya ni kama milimita 7 tu, lakini kwenye ngozi ngumu kidole kinaumia. Kosa lilikuwa upande wangu, na niliumia kwamba nilimjibu kwa ukali.

Nilimpigia nikamwomba radhi. Alivituma kwa basi, nikavikagua siku hiyohiyo vilipofika stendi ya Mbezi, Dar, nikamrudishia 65,000, nauli ya kwenda na kurudi, na ada ya kutolea hela kwenye simu. Wapo walioshauri nimlazimishe abadilishe tu. Sikukubali, hela ni yake.

Sasa kila tangazo langu lina urefu wa ndani kwa sentimita. Kurudisha ni ndani ya siku 3, na nauli analipa aliyekosea. Juzi mteja huyohuyo kaagiza pea nyingine, safari hii alipima mguu kwanza.