Vyuo vya afya mnakula ada za watoto wa watu, masjala ya hospitali haifundishwi kwa kuimla notsi!

Wakuu, leo nina hasira na sitaificha.

Niko kitengo cha bima kwenye hospitali moja ya serikali. Kila msimu wa field tunaletewa wanafunzi wa utunzaji kumbukumbu za afya, sare zimenyooka, barua ya chuo mkononi. Mkalishe mbele ya GoTHoMIS, mfumo wa kompyuta wa hospitali za serikali unaomfuata mgonjwa kuanzia mapokezi mpaka dirisha la dawa, anaduwaa. Chuoni hawajawahi kuonyeshwa.

Wiki hii nimempa mmoja fomu ya 2A/B, ile ya madai ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, aijaze ya mama mmoja mwenye presha. Binti yuko mwishoni mwa NTA Level 5, ngazi moja tu kabla ya diploma. Penye msimbo wa ugonjwa kaandika "BP". I10, msimbo wa presha, haijui, na ICD-10 yenyewe, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, anasema aliandikiwa ubaoni kama jina tu. Sahihi ya mgonjwa hakuna, na mama keshapanda daladala. Fomu ya hivyo bima wanaikata, dawa zimeshatoka, hasara ya hospitali.

Nikaomba daftari lake la chuo. Sifa za mtunza kumbukumbu bora, umuhimu wa usiri, aina za makabati, kurasa na kurasa za kuimliwa. Chumba cha kompyuta anasema kinafunguliwa wakaguzi wakija. Na ada hiyo kwao wameuza mpunga!

Binti simlaumu hata kidogo, ana akili na anashika haraka. Nawalaumu ninyi wenye vyuo mnaobandika mabango ya "ajira nje nje" huku mnajua mnachouza ni cheti.

Halafu kuna watu wanaona masjala ni kazi ya kupanga mafaili. Wagonjwa wawili wamefanana majina, umetoa jalada la mwingine, daktari hajaona kwamba huyu ana aleji ya penisilini. Unajua kinachofuata? Taarifa za afya zimetajwa kuwa nyeti kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na huyu binti hajawahi kuisikia darasani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote nayo ilipita 2023. Wenye kadi wakiongezeka, hizo fomu atazijaza nani?

NACTVET, ninyi baraza mnaosimamia vyuo hivi, tafadhali nendeni bila kutoa taarifa. Majengo yaacheni. Mchukueni mwanafunzi yeyote, mpeni fomu na kompyuta, msimame nyuma yake.

Na wewe unayetaka kumlipia mdogo wako, omba uingie chumba cha kompyuta siku ya kawaida ya masomo. Wakikuzungusha, ondoka na hela yako.

Kama kuna anayejua chuo kinachofundisha madai ya bima kwa vitendo, akitaje hapa. Watu wananiuliza wapeleke wapi watoto wao, nakosa la kuwajibu.