Kelele za cheni kwenye Toyota IST ya 2003: ninunue injini au kuna cha kupima kwanza?

Mwana Iringa: Wakuu, habari za jioni. Nina IST yenye injini ya 1NZ-FE, imetembea kilomita laki mbili na ushee. Asubuhi nikiwasha inapiga kra-kra-kra upande wa mikanda, kisha inatulia. Siku hizi inapiga hata ikiwa ya moto, silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) haitulii, na mlima Kitonga inapanda kwa kuomba. Taa ya injini imewaka. Fundi kaisikiliza kidogo tu, kasema cheni ya taimingi, ile ya ndani ya injini, imekufa, nitafute injini ya mtumba. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Mzee wa Spana: Injini nzima kwa kelele? Chomoa stiki ya oili kwanza. Tensheni, yaani kikaza cheni, inasukumwa na presha ya oili. Oili ikipungua, cheni inalegea.

Dada Gereji: Halafu toa mkanda wa nje, uwashe nusu dakika, si zaidi, maana ndio unaozungusha pampu ya maji. Kelele ikipotea, ni beringi ya alteneta au ya pampu. Ikibaki, weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kava la cheni, mpini sikioni. Cheni iliyolegea inachapa, beringi inavuma.

Kijana wa Ubungo: Uza, chukua yenye taimingi beliti 😂

Dada Gereji: Beliti nayo inakatika, tena bila hata kupiga hodi.

Mwana Iringa: Oili iko chini ya alama, nyeusi tii. Mkanda tumetoa, kelele ipo palepale. Mashine ya kusoma hitilafu imetoa namba P0016.

Mzee wa Spana: Ingekuwa P0011 peke yake, ningesema anza na valvu ya oili ya VVT-i (mfumo unaobadili muda wa valvu kufunguka) na chujio lake. P0016 ni kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kemshafti (shafti inayofungua valvu) kupishana: cheni imerefuka au imeruka jino, ingawa gia ya VVT-i ikikwama nayo huleta namba hiyo. Usiwashe tena! Ikiruka zaidi, pistoni zitagonga valvu, na hapo injini ya mtumba utaitafuta kweli. Fundi afungue kava la juu, azungushe kranki kwa spana mpaka alama ya puli ikae kwenye sifuri, aangalie alama za gia za kemshafti. Zikiwa zimetazama chini, azungushe mzunguko mmoja tena. Zikipishana, nunua cheni, tensheni na reli zake (zinazoiongoza cheni) kwa pamoja. Cheni peke yake usikubali.

Dada Gereji: Na sampu, bakuli la oili chini ya injini, ishushwe. Vipande vya reli huangukia humo vikaziba chujio la pampu ya oili.

Mwana Iringa: Shukrani sana. Inavutwa kwa kamba sasa hivi, gereji nyingine.