Niagara na mama, na lile wazo letu la kiwanja Msimbati

Kutoka: Mwana-Mikindani, Hamilton, Canada (kwa sasa nipo Mtwara)

Assalaam aleikum ndugu zangu wa kusini, na shikamooni wakubwa.

Yapo mambo mawili yaliyojadiliwa hapa kwa nyakati tofauti, nami nataka kuyaweka pamoja. La kwanza ni swali la wale wanaowaleta wazazi Canada wakati wa kiangazi: tuwapeleke kwenye maporomoko ya maji ya Niagara au tusiwapeleke? La pili ni lile wazo la kuchangishana tununue eneo la ufukweni Msimbati, huku Mtwara, tulizungushie uzio, tujenge mabanda na kukata tiketi getini. Mama nilimpeleka Niagara mwaka jana. Sasa nipo nyumbani, na Msimbati nimekwenda kuliona eneo lenyewe kwa macho yangu. Nasema mapema ili tusichoshane: mradi naunga mkono, uzio siungi mkono.

Nianze na Niagara. Maji yale ni makubwa kweli, hakuna anayeweza kukuharibia hilo. Upande wa Canada, poromoko linaloitwa Horseshoe lina kimo cha mita 57 hivi, na mngurumo wake unaufikia kabla hujaliona. Kutazama tu kutoka njia ya waenda kwa miguu hakulipiwi. Shida ni kila kitu kinachokuzunguka pale. Maegesho ya karibu yanalipiwa, tena kwa bei ya kuumiza. Boti ya kusogea chini ya poromoko inazidi dola 30 kwa mtu mzima. Handaki la kupita nyuma ya maji lina tiketi yake, mnara una yake, gurudumu kubwa lina yake. Ukipandisha mtaa wa Clifton Hill, hatua chache tu kutoka mtoni, unakuta makumbusho ya sanamu za nta, nyumba za mizimu, kumbi za michezo ya mashine, muziki wa duka hili unagombana na wa duka lile. Watu wamesafiri kutoka pande zote za dunia kuja kuona maji, halafu wanashindia humo. Mimi iliniuma sana, kwa sababu mama nilimsifia mahali pale kwa muda mrefu.

Mama amekulia Mikindani, maji yako mlangoni. Alisimama pale kwenye kizuizi cha chuma, akatazama, akasema subhanallah. Baadaye akaniuliza, "Wenyeji wa hapa wanashukia wapi majini?" Nikamweleza kuwa pale ni genge refu, chuma kimewekwa kwa usalama. Akaelewa. Lakini tulipokuwa tukitembea akarudia tena kwa namna nyingine: hawa wenyeji wako wapi? Kila mtu tuliyezungumza naye alikuwa anauza au ananunua.

Kwa wanaokwenda, haya ndiyo ya kuzingatia. Soma bili yako. Hoteli tuliyolala, na mgahawa tuliokula, vyote viliongeza ada ya kutangaza utalii, halafu kodi ya mauzo ya asilimia 13 ikahesabiwa juu yake. Ada hiyo si kodi ya serikali, ni biashara yenyewe inayoiweka. Omba kwa adabu iondolewe. Sisi tuliomba, ikaondolewa. Kutoka Toronto kuna treni ya GO, inakuokoa na maegesho. Nendeni asubuhi mapema, kabla ya mabasi ya watalii. Bebeni pilau lenu kwenye hotipoti, kaeni kwenye nyasi za Queen Victoria Park, hakuna atakayewafukuza. Na msitegemee kuyaona maji yote usiku: kwa mkataba wa Canada na Marekani wa 1950, mchana wa msimu wa watalii lazima yashuke mita za ujazo zipatazo 2,830 kwa sekunde, usiku na majira ya baridi inaruhusiwa nusu yake. Yanayobaki yanakwenda kwenye mitambo ya umeme.

Sasa Msimbati. Nilipita njia ya Madimba, kule kwenye mtambo wa gesi, nikafika maji yakiwa yametoka. Ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hupwa mbali sana. Kina mama walikuwa wametawanyika mwambani na vijiti vyao wakitafuta pweza, watoto nyuma yao na ndoo. Mitumbwi imevutwa juu chini ya mivinje. Familia mbili kutoka mjini wamekuja na gari, wametandika mkeka, wanakula mihogo. Nilimuuliza kijana mmoja kina mama wanapita wapi kutoka kijijini. Akanionyesha: vijia vinatoka kati ya minazi, na baadhi yake vinakatiza katikati ya eneo tunalolitaka sisi. Mchoro uliotumwa hapa hauna hata kijia kimoja. Una mstari wa uzio kutoka barabarani hadi majini.

Naomba watu waseme.

*

Kutoka: Mama wa Ligula, Buffalo, New York

Wa aleikum salaam mwanangu, marahaba. Msalimie sana mama, mwambie nimefurahi kusikia amefika.

Mimi naishi karibu na Niagara kwa upande wa Marekani, na nataka kuongeza jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Hapa palikuwa pabaya kuliko huko kwenu Canada. Katika karne ya 19 ukingo wote wa upande huu ulikuwa mikononi mwa watu binafsi. Viwanda vilijengwa mpaka mdomoni mwa maji, na mwenye kutaka kutazama alilipia, wengine wakichungulia kwenye matundu ya uzio. Hapakubaki mahali pa mtu wa kawaida kusimama bure na kuona. Wakatokea watu wakapiga kelele kwa miaka, mmoja wao Frederick Law Olmsted, yule aliyeshiriki kubuni bustani ya Central Park kule New York City. Mwaka 1883 sheria ikapita. Serikali ya jimbo ikanunua ardhi ile kwa takribani dola milioni 1.4, pesa nyingi mno kwa wakati huo, ikabomoa majengo, na tarehe 15 Julai 1885 pakafunguliwa kwa umma bila kiingilio. Mpaka leo ukija Goat Island utatembea chini ya miti hadi kwenye ukingo wa maji bila kulipa kiingilio, ingawa gari lako utalilipia.

Kwa hiyo, ninyi mnaotaka kuweka uzio Msimbati, fikirini nani atakuja kuununua uzio huo siku za usoni na kwa pesa gani. Halmashauri zetu hazina hiyo pesa.

La safari: mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza ya Marekani kuvuka daraja kuja upande huu, hata kama ana ukaazi wa Canada. Msiwapandishe wazazi darajani kwa kubahatisha. Mtarudishwa, na mzee atadhani amefanya kosa.

*

Kutoka: Mlindi, Muscat

Shikamoo mama. Kaka, salaam.

Nimesoma yote na moyo wangu uko tofauti kidogo. Sisi tulio nje tunapenda pwani ibaki vilevile kwa sababu tunaikumbuka. Anayeishi pale anataka mtoto wake apate kazi. Mimi ni mtu wa Lindi mjini, nimekua nikiambiwa kusini kutafunguka. Tukaambiwa daraja la Mkapa pale Rufiji, likafunguliwa 2003. Tukaambiwa gesi, bomba likafika Dar es Salaam 2015. Vijana bado wanapanda basi kwenda kubeba mizigo Kariakoo. Kilwa Kisiwani iko kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, ule msikiti mkuu wa kale hauna mfano katika pwani yote hii, na bado unaweza kuvuka kutoka Kilwa Masoko ukakuta mnatembea peke yenu na mwongozaji wenu. Hapo hakuna sanamu za nta, na hakuna ajira pia.

Mgeni akifika Msimbati leo atajisaidia wapi? Atalala wapi? Takataka anazoacha yule wa kutoka mjini na mkeka wake anaziokota nani? Tiketi ya getini ndiyo ingelipa mshahara wa mfagiaji. Msituogopeshe na Clifton Hill wakati hatuna hata choo.

Na uzio una sababu yake. Mali isiyo na uzio kusini inaota wajukuu wa mwenye shamba. Kila mtu hapa anamjua ndugu aliyetuma pesa za kiwanja akarudi akakuta kimeuzwa mara mbili.

*

Kutoka: Mwana-Mikindani

Ndugu yangu wa Lindi, hili la choo na ajira nakubaliana nawe kabisa, na nimekwisha sema mradi nautaka. Ninachopinga ni ufukwe wenyewe kuwa bidhaa. Tuuze kitanda, tuuze samaki wa kuchoma na madafu, tuuze safari ya dau. Haki ya kushuka majini tusiiuze.

Tangu niandike mara ya mwisho nimekwenda kuzungumza na wazee kijijini na pia na mwanasheria hapa mjini, na nimerudi na mambo ambayo lazima yaingie kwenye mpango wetu, tupende tusipende.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Ule mchoro una mabanda sita ndani ya mita hizo, pamoja na baa. Watu wanajenga huko kwingine na wanaachwa, ndiyo, lakini sisi tunachanga pesa za wauguzi na madereva wa malori waliokesha kazini. Hatuwezi kuzijenga mahali ambapo siku moja zitabomolewa kihalali.

Pili, Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Kwa hiyo watu wa hifadhi wana neno lao hata kabla ya msingi kuchimbwa. Waulizwe mapema, kwa barua, na majibu yao tuyaweke hapa kila mtu ayasome.

Tatu ni ardhi. Ile ni ardhi ya kijiji. Mwenyekiti peke yake hana uwezo wa kutuuzia, hata awe mtu mwema namna gani. Mkutano mkuu wa kijiji lazima ukae, na muhtasari wake tuuone ukiwa na mahudhurio. Kina mama wa pweza wawepo kwenye mkutano huo. Hili nalisisitiza, kwa sababu wazee niliozungumza nao wote walikuwa wanaume na hakuna hata mmoja aliyetaja vile vijia mpaka nilipouliza. Na wale wenzetu waliokwisha kuchukua uraia wa nchi nyingine, tafadhali zungumzeni na wakili kabla ya kuandikisha hisa kwa jina la mdogo wako. Undugu mwingi umevunjika kwa karatasi za namna hiyo.

Kuhusu hofu yako ya kuuziwa mara mbili, hiyo inatibiwa na mawe ya mipaka, upimaji na hati. Uzio wa nguzo za mikoko na makuti hauzuii tapeli wa karatasi. Pale nyuma, kuanzia mita 60 kurudi barabarani, wekeni ua mkitaka, wa michongoma hata wa tofali. Mbele paachwe wazi, na vijia viandikwe kwenye mkataba kwa upana wake, ili atakayenunua kwetu baadaye avikute kisheria.

Mama yangu yupo hapa pembeni, namsomea. Anasema kina mama wa Msimbati wapewe nafasi ya kwanza ya kupika na kuuza pale. Naliingiza hilo kama pendekezo rasmi.

*

Kutoka: Mlindi, Muscat

Sawa. Mshahara wa mfagiaji utoke kwenye vyumba basi, na uandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo kwa jina lake, usije ukawa "mengineyo". Choo kijengwe kabla ya banda lolote, na kiwe nyuma ya hizo mita 60, chenye shimo lisilovuja kuelekea mwambani. Mwanakijiji asilipie kukitumia. Nikiona hayo kwa maandishi, mchango wangu wa mwezi huu nautuma.

*

Kutoka: Mama wa Ligula, Buffalo

Nami natuma. Mwanangu, mkutano wa kijiji usiuweke siku ya bamvua. Kina mama watakuwa mwambani na mtapitisha mambo bila wao. Uliza kalenda ya maji kwa wavuvi wa Feri kabla hujakubali tarehe yoyote anayokupa mwenyekiti.